Deni Si Lake, Lakini Habari Ni Haki Yake

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku liwafikapo mlangoni, nalo ni hali ya mpangaji ambaye nyumba anayokaa na watoto wake, na anayoilipia kodi kila mwezi bila ya kuchelewa, imewekwa rehani na mwenyewe, deni likamshinda, na sasa mkopeshaji anataka kuipiga mnada. Mpangaji huyo hakukopa. Hakutia saini mbele ya wakili wa benki. Hakuonja hata senti moja ya fedha zile. Lakini dalali ajapo na nyundo yake, wa kwanza kutaharuki ni yeye.

Kwanza tufahamu ya kuwa jambo hili si la watu wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika miji ya Kenya karibu kaya nne katika kila tano hukaa katika nyumba za kupanga, na kaunti ya Nakuru ilihesabiwa kuwa na watu 2,162,202. Tangu zama za mwanzo za mji wa Nakuru, ambao reli iliufikia mwaka 1900 na ambao ulipewa hadhi ya mji mwaka 1904, wafanyakazi waliouendesha kwa jasho lao walikaa katika nyumba za waajiri au za baraza la mji, na mitaa ya Bondeni, Kivumbini na Flamingo ingali ni ushahidi wa zama hizo. Leo, baada ya Nakuru kutunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kazi ya kujenga nyumba za kupangisha imeshikwa na watu binafsi, nao ndio wenye ghorofa za Pipeline, Free Area, Kiamunyi na Lanet, ndio wenye ploti za Kaptembwa na Rhonda, ndio wenye vyumba vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na ndio wanaowapangisha wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Karagita, pembezoni mwa ziwa Naivasha.

Wenye nyumba hao, aghalabu, si matajiri wa kurithi. Wengi ni watu waliojikusuru, kama mwalimu mstaafu, mkulima wa viazi au mwenye duka, ambao walikwenda benki au Sacco wakaweka hati ya ardhi kuwa dhamana, wakijenga kwa matumaini ya kwamba kodi ya wapangaji italipa awamu za mkopo mwezi hata mwezi. Hesabu hiyo ni nzuri hali zikiwa nzuri. Lakini Bunge lililoweka ukomo wa riba mwaka 2016 liliuondoa mwaka 2019. Na ilipofika Februari 2024 Benki Kuu ikapandisha kiwango chake cha msingi hadi asilimia 13, wakopaji wakaona awamu zao zikipanda ilhali kodi ziko pale pale. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga masoko ya maua ya Ulaya, wafanyakazi wengi wa Naivasha walirudishwa makwao, na vyumba vyao vikabaki vitupu. Na mwaka huo huo maji ya ziwa Naivasha yalipanda yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto, watu wakahama kwa mashua. Nyumba yaweza kuzama, lakini deni halizami pamoja nayo, na mwenye nyumba aliyekosa wapangaji hakusamehewa awamu zake kwa sababu hiyo.

Basi simlaumu mtu kwa kukopa, wala kwa kushindwa, kwani biashara ina faida na hasara, na dawa ya deni ni kulipa kwa kadiri ya uwezo. Ninalolilaumu ni ukimya. Hebu tuchukue mfano wa familia moja, isiyo na jina, iliyopanga vyumba viwili katika ghorofa ya Kiamunyi mwezi wa Januari, ikatoa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mwingine, ikawahamishia watoto shule ya jirani, na ilhali mwenye nyumba aliyepokea fedha hizo kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshika ilani ya benki inayomwarifu ya kuwa ana siku tisini za kulipa, ama mali yake itauzwa. Familia ile inakaa, inalipa, inapanda maua barazani; na siku moja inaona karatasi imebandikwa langoni na watu wageni wanapima ua kwa utepe. Hapo ndipo hujua. Nami nasema ya kuwa kumficha mtu habari ya maskani yake mwenyewe, huku ukipokea fedha yake, ni dhulma hata kama hakuna karatasi iliyoghushiwa.

Wala sheria haikukusudia ukimya huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeweka ngazi ambazo mkopeshaji sharti azipande moja baada ya nyingine. Mdeni akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji ana ruhusa, kwa kifungu cha 90, kumpa ilani ya maandishi inayotaja kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua siku tisini wa kujirekebisha. Muda huo ukipita bila ya malipo, kifungu cha 96 kinamtaka mkopeshaji atoe ilani ya pili, ambayo ni ilani ya kuuza, na asiuze mpaka zipite siku arubaini tangu kuitoa. Kisha huja dalali aliyepewa leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996, naye kwa kanuni zake humpa mwenye mali siku arubaini na tano za kuikomboa, halafu hutangaza mnada gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku kumi na nne kupita tangu tangazo la kwanza. Mtu akizijumlisha siku hizo ataona ya kuwa tangu mwenye nyumba aanze kukosa hata nyundo igongwe, hupita yapata nusu mwaka au zaidi. Na katika muda wote huo mpangaji huweza kujua, akajiandaa, akatafuta, akaweka akiba, lau kama angeambiwa.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kila msikilizaji alihifadhi. Kifungu hicho cha 96 hakikuishia kwa mdeni. Kinaagiza ya kuwa nakala ya ilani ya kuuza ipelekwe pia kwa mke au mume aliyeridhia rehani, kwa mdhamini, kwa wakopeshaji wengine wenye dai juu ya mali hiyo, na kwa kila mpangaji wa ardhi ile au wa majengo yaliyo juu yake; na zaidi ya hayo, ilani ibandikwe mahali pa wazi penye mali au karibu nayo. Kwa hiyo mpangaji si mtu wa pembeni anayesikia habari kwa msimamizi wa ploti au kwa muuza maziwa. Ametajwa katika sheria, na benki ina wajibu wa kumfikishia karatasi. Fauka ya hayo, kifungu cha 103 kimemhesabu mpangaji wa mdeni miongoni mwa watu wenye haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu dhidi ya hatua za mkopeshaji, na kifungu cha 99 kinampa mtu yeyote aliyedhurika kwa mauzo yasiyofuata taratibu haki ya kudai fidia kwa yule aliyeuza. Sisemi ya kuwa mpangaji aliyenyimwa nakala ataubatilisha mnada kwa urahisi, maana sheria humlinda sana mnunuzi aliyenunua kwa nia njema; nasema ya kwamba ana dai, na dai hilo lina mahali pake katika sheria.

Sasa watu huuliza: nyumba ikishauzwa, je, mkataba wangu umekufa? Jawabu lategemea namna ya mkataba. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na wengi wetu ndio hao, ana kinga katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ambayo kwa kifungu cha 28 huhesabu upangaji wa vipindi, na mikataba isiyozidi miaka miwili, kuwa ni haki zinazoifuata ardhi hata kama hazikuandikwa katika daftari la ardhi. Mnunuzi basi huingia katika nafasi ya mwenye nyumba wa zamani, na akitaka nyumba yake itoke watu, hana budi kutoa ilani isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, yaani mwezi mmoja kwa anayelipa kila mwezi, na ilani hiyo iishie siku ya kulipa kodi.

Lakini aliyechukua mkataba mrefu hana budi kutahadhari. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamkataza mwenye nyumba iliyo rehani kuipangisha kwa muda unaozidi mwaka mmoja bila ya idhini ya maandishi ya mkopeshaji. Na mauzo yakifanyika, mkataba uliofungwa baada ya rehani husalimika iwapo mkopeshaji alikuwa ameuridhia. Kwa hiyo wewe unayetaka kupanga jumba kwa miaka mitano ili ufungue shule ya chekechea au zahanati, ukatumia akiba yako kujenga kuta na kutia vigae, usianze kazi hata siku moja kabla ya kuiona idhini ya benki kwa macho yako na kuweka nakala yake sandukuni.

Jambo jingine linalowatatiza watu ni kodi yenyewe. Siku ilani ibandikwapo, wapangaji wengine husema, basi hatulipi tena, kwani nyumba si yake. Na wengine hulipa kwa yeyote ajaye na barua yenye mhuri. Njia zote mbili ni za hatari. Mpaka mali iuzwe, mwenye nyumba angali ni mwenye nyumba, na asiyelipa humpa sababu halali ya kumfukuza, na hata ya kumpelekea dalali akamate vyombo kwa ajili ya malimbikizo ya kodi. Ila sheria imempa mkopeshaji uwezo wa kumteua mpokeaji wa mapato ya nyumba, au wa kushika usimamizi wake kwa kuwapelekea wapangaji ilani rasmi ya kwamba kodi sasa ilipwe kwake. Ukipokea ilani ya namna hiyo, uliza maandishi ya uteuzi, yafikishe kwa benki yenyewe uthibitishe, kisha lipa huko na udai risiti. Wala usilipe kwa mtu aliyekuja na maneno matupu, maana katika fadhaa ya mnada ndipo walaghai hupata riziki yao.

Dipoziti nayo ina majonzi yake, kwa kuwa fedha hiyo iliingia mkononi mwa mwenye nyumba wa zamani, na mnunuzi huweza kusema ya kuwa hakuipokea wala haijui. Mdaiwa wa kwanza basi ni yule aliyeipokea. Kwa bahati njema, Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mdai huweza kujitetea mwenyewe bila ya wakili, na kesi imewekewa muda wa siku sitini kumalizika. Kwa mtu anayedai dipoziti ya shilingi elfu nane au elfu kumi na tano, mlango huo ni wa karibu kuliko watu wanavyodhani.

Na ikiwa mnunuzi mpya atakuja na vijana wa kung'oa milango, akakata maji na stima, akatupa magodoro nje, fahamuni ya kuwa hana ruhusa hiyo. Katika kila upangaji mna ahadi, iliyoandikwa au isiyoandikwa, ya kuwa mpangaji alipaye atakaa kwa utulivu. Hata mtu aliyebaki katika ardhi ya mwenyewe bila ya ridhaa, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka apewe ilani isiyopungua miezi mitatu kabla ya kutolewa, na utoaji wenyewe uheshimu utu, usiharibu mali, na wanaoutekeleza wajitambulishe na kuonyesha idhini yao. Vyombo vyako, kitanda chako na cherehani yako si dhamana ya deni la mwenye nyumba. Dalali wa benki anauza ardhi na jengo, na hana haki juu ya sufuria ya mpangaji asiyedaiwa kodi.

Kuna pia kinga za zamani zisizostahili kusahauliwa. Sheria ya Kudhibiti Kodi, ambayo asili yake ni mwaka 1959, ingali inazihusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mpangaji wa nyumba hiyo hatolewi ila kwa sababu zilizotajwa na kwa amri ya baraza la kodi au mahakama, hata nyumba ikibadilika mwenyewe. Vyumba vya namna hiyo vimo katika ploti za Rhonda na Kaptembwa. Na wenye maduka na hoteli wanaolindwa na sheria ya mwaka 1965 ya majengo ya biashara, ambao mkataba wao si wa maandishi au hauzidi miaka mitano, hawahamishwi na mwenye jengo mpya bila ya ilani rasmi ya miezi miwili, na wana haki ya kuipinga mbele ya baraza lao. Lakini kiwango cha shilingi 2,500 kimepitwa mno na wakati, na mpangaji wa chumba kimoja cha shilingi elfu tano kule Lanet, ambaye naye ni maskini, ameachwa nje ya ukuta.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili zikalitungia sheria waziwazi. Marekani, baada ya nyumba nyingi mno kunadiwa katika msukosuko wa fedha, ilitunga mwaka 2009 sheria ya kumlinda mpangaji wa nyumba inayonadiwa, ikampa ilani isiyopungua siku tisini na, kwa kawaida, haki ya kumaliza mkataba wake. Sheria hiyo ilikwisha muda wake mwishoni mwa 2014, ikarudishwa mwaka 2018 kuwa ya kudumu. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2010, iliiruhusu mahakama kumwongezea mpangaji muda wa hadi miezi miwili. Sisi tunayo Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 43 kimetaja haki ya kila mtu kuwa na makazi yanayofaa, na Mahakama ya Juu, katika hukumu ya kesi ya Mitu-Bell ya Januari 2021, ilikiri uzito wa haki hiyo. Hatupungukiwi na maneno mazuri. Tunapungukiwa na sheria moja iliyo wazi, inayosema kwa lugha ya mwananchi ya kuwa mpangaji wa nyumba inayonadiwa ana siku kadhaa za kukaa, na dipoziti yake humfuata mnunuzi.

Hadi siku hiyo ifike, mpangaji ajilinde kwa alichonacho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza ya kuwa hata haki ya mpangaji bila ya karatasi hupotea hivyo hivyo. Dai mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja jina la mwenye nyumba, nambari ya ardhi, kodi, dipoziti na tarehe. Hifadhi risiti na jumbe za M-Pesa, usizifute. Kabla ya kutoa dipoziti kubwa, nenda afisi ya ardhi ukaombe upekuzi wa hati, ambao utakuonyesha kama ardhi ile imo katika rehani na kwa nani. Kuwamo katika rehani si aibu wala si sababu ya kukimbia, lakini ni sababu ya kuuliza maswali. Ukiona karatasi imebandikwa, ipige picha, andika tarehe, waite majirani wa ghorofa nzima, kwa sababu wapangaji ishirini wanaoandika barua moja kwa benki husikilizwa kuliko mmoja anayelia peke yake. Na mwenye kukosa uwezo wa wakili asikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasiojiweza.

Kwenu wenye nyumba, nasema kwa heshima: siku ilani ya benki iwafikiapo, waambieni wapangaji wenu ukweli, na msipokee dipoziti mpya bila ya kumwarifu anayeitoa. Wengine wenu mtashangaa, kwani yamkini wapangaji hao hao watakubali kulipa mapema ili jengo linusurike. Kwenu wakopeshaji na madalali, nakala ya ilani kwa mpangaji si hisani mnayomfanyia. Ni wajibu, na ifikishwe chumba kwa chumba, kwa Kiswahili anachokifahamu, badala ya kuachwa langoni mpaka mvua iioshe. Na kwenu wabunge mnaotoka katika kaunti hii ya wapangaji, pandisheni kiwango cha nyumba zinazolindwa, ziunganisheni sheria hizi zilizotawanyika, na mwandikeni mpangaji wa nyumba ya rehani kwa jina lake. Na kwako wewe mpangaji unayenisikiliza, kesho asubuhi tafuta mkataba wako na risiti zako, uziweke pamoja mahali pamoja. Na kama huna mkataba, mwendee mwenye nyumba kwa adabu ukaudai.